Kupima Kama Kemikali ya Kiwandani Inadhuru Uzazi na Kijusi: Mwongozo wa Jaribio la Panya Wenye Mimba

Kwenye mapipa ya viyeyushi na ya malighafi za rangi na plastiki hukutwa mara nyingi lebo yenye mchoro wa mtu mwenye alama ya nyota kifuani, na kando yake namba H360, ambayo maana yake ni kwamba kemikali hiyo inaweza kudhuru uwezo wa kuzaa au kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayetaka kujua zaidi hufungua hati ya usalama ya kemikali hiyo, akaenda sehemu ya 11, na humo akakuta mstari mmoja tu: panya, kwa mdomo, siku ya 6 hadi ya 20 ya mimba, kiwango kisicholeta madhara ni miligramu kadhaa kwa kila kilo ya uzito. Nyuma ya mstari huo kuna panya majike wapatao mia moja, vijusi zaidi ya elfu moja vilivyochunguzwa kimoja kimoja, na kazi ya miezi mingi.

Mwongozo huu unaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa hatua kwa hatua. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi anayeingia maabara ya sumu kwa mara ya kwanza, na pia kwa ofisa wa usalama kazini ambaye hatashika panya hata mmoja, lakini siku moja atawekewa ripoti mezani aamue kama wanawake na wanaume wa kiwandani kwake wamo hatarini. Nitakaa zaidi kwenye jaribio la ukuaji wa kijusi, kwa sababu ndilo linalofanywa mara nyingi na ndilo linalosomwa vibaya mara nyingi. Jambo moja litarudi tena na tena: katika jaribio hili anayehesabiwa ni mama, si kijusi.

Kabla ya kuanza, inafaa kukumbuka kisa cha DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1961 ulionyesha kwamba korodani za panya waliopewa kemikali hiyo zilisinyaa. Mwaka 1977, wafanyakazi wa kiwanda kimoja kilichoko Lathrop, California, waligundua katika mazungumzo yao wenyewe kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa, baadhi yao hawakuwa na mbegu za kiume hata kidogo. Panya walikuwa wamekwisha kusema miaka kumi na sita kabla. Kwa hiyo kupima ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuyaandika matokeo kwa namna ambayo hakuna atakayeweza kuyapita bila kuyaona.

Kabla ya kumgusa mnyama

Hatua ya kwanza haifanyiki kwenye chumba cha panya bali kwenye meza ya kusomea. Kusanya kila kinachojulikana kuhusu kemikali hiyo: muundo wake, inavyoyeyuka, inavyovunjwa na ini, na kama kemikali ndugu zake zimekwisha kupimwa. Mfano mzuri ni kiyeyushi kiitwacho metoksiethanoli. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya metoksiasetiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu korodani na kijusi. Basi ukikutana na kemikali nyingine ambayo mwilini huzaa asidi hiyohiyo, tayari unajua mengi kabla ya kununua mnyama yeyote. Ikiwa maelezo yaliyopo yanatosha kuipa kemikali daraja la hatari, jaribio jipya halina sababu ya kufanywa.

Sheria za Ulaya za REACH, zilizopitishwa mwaka 2006 na kusimamiwa na wakala wenye makao yake Helsinki, zinasema wazi kwamba kupima kwa wanyama ni njia ya mwisho, na zinapanga madai yake kwa wingi wa kemikali inayotengenezwa au kuingizwa. Kuanzia tani 10 kwa mwaka hudaiwa jaribio la uchujaji, yaani jaribio dogo la awali. Kuanzia tani 100 hudaiwa jaribio la ukuaji wa kijusi kwa aina moja ya mnyama. Na kuanzia tani 1,000 hudaiwa aina ya pili ya mnyama pamoja na uchunguzi mpana wa uzazi. Hata kama kiwanda chako kiko Tanga au Thika, hati ya usalama unayoisoma mara nyingi imetokana na madai hayo.

Hatua ya pili ni idhini. Mwaka 1959 wanasayansi wa Uingereza William Russell na Rex Burch waliweka misingi mitatu ambayo hadi leo kila kamati ya maadili huitumia: kutafuta mbadala wa mnyama inapowezekana, kupunguza idadi yao, na kupunguza maumivu yao. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na hakuna maabara yenye heshima inayoanza kabla ya kamati kupitia mpango wake. Andika katika mpango huo, kabla ya siku ya kwanza, dalili ambazo mnyama akizionyesha ataondolewa mateso mara moja: kupungua uzito kupita kiasi, kulala bila kuinuka, kupumua kwa shida. Ukisubiri kuamua siku yenyewe, utaamua kwa kuchelewa.

Kuchagua jaribio

Miongozo inayotumiwa duniani ni ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi lenye makao yake Paris. Namba 421 ni jaribio la uchujaji: madume angalau kumi na majike 12 au 13 kwa kila kundi, wanapewa kemikali kabla ya kupandana, wakati wa mimba na katika siku za mwanzo za kunyonyesha. Namba 414 ni ya ukuaji wa kijusi pekee. Namba 416 hufuata vizazi viwili, na namba 443, iliyopitishwa mwaka 2011, hufuata kizazi kimoja kwa undani zaidi, pamoja na ukuaji wa ubongo na wa kinga ya mwili inapohitajika.

Kila moja hujibu swali lake. Jaribio namba 414 haliwezi kukuambia lolote kuhusu uwezo wa dume kuzalisha, kwa sababu dume hapewi kemikali kabisa. Nimewahi kuona ripoti ya namna hiyo ikitumiwa kuthibitisha kwamba kemikali "haina madhara kwa uzazi", na kosa hilo si dogo: DBCP ilidhuru wanaume.

Wanyama na kupandanisha

Panya ndiye chaguo la kwanza, na sungura ndiye wa pili. Sungura aliingia kwenye kazi hii kwa sababu nzito. Dawa ya usingizi iitwayo thalidomide, iliyotumiwa pia na wajawazito, iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 hadi Novemba 1961, na maelfu ya watoto walizaliwa na viungo vifupi au bila viungo. Ilipochunguzwa baadaye, panya karibu hawakuonyesha kasoro hizo za viungo, lakini sungura weupe wa New Zealand walizionyesha. Tangu hapo haiaminiki tena kwamba aina moja ya mnyama inatosha.

Chukua majike vijana waliokomaa ambao hawajawahi kuzaa, na uwape muda wa kuzoea chumba: nyuzi joto 22 hivi, mwanga saa kumi na mbili na giza saa kumi na mbili, chakula kilekile kwa wote. Chakula chenyewe kichunguzwe, maana soya nyingi huleta viambata vinavyofanana na homoni ya kike na kuvuruga matokeo. Jioni mweke jike mmoja na dume mmoja kwenye kizimba, wasiwe ndugu. Asubuhi tafuta kizibo cha ute kwenye uke au chini ya kizimba, au chukua ute kidogo, uupake kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini; ukiona mbegu za kiume, siku hiyo ndiyo siku ya 0 ya mimba. Iandike palepale. Siku moja ikikosewa hapa, kila kitu baada yake kinaharibika, kwa kuwa kijusi cha panya siku ya 20 na cha siku ya 21 hutofautiana uzito kwa kiasi kinachoweza kufanana na athari ya sumu.

Wagawe majike kwenye makundi manne kwa bahati nasibu inayozingatia uzito: kundi la ulinganisho, lisilopewa kemikali, na makundi matatu ya dozi. Hakikisha majike waliopandwa na dume mmoja wametawanywa kwenye makundi yote. Lengo ni kuwa na mama wapatao 20 wenye mimba kwa kila kundi siku ya mwisho, na kwa kuwa si wote watakaoshika mimba, watu huanza na 24 au 25. Kundi likishuka chini ya 16, uwezo wa jaribio wa kuona madhara unakuwa wa mashaka.

Dozi na namna ya kunywesha

Dozi ya juu inatakiwa kumgusa mama kidogo, kwa mfano apunguze kasi ya kuongezeka uzito, bila kumuua wala kumtesa. Dozi ya chini isionyeshe lolote. Ya kati ikae katikati, na kwa kawaida kila dozi iwe mara mbili hadi nne ya iliyo chini yake. Ikiwa kemikali haina sumu kali, hakuna haja ya kuvuka miligramu 1,000 kwa kilo kwa siku. Dozi hizi hazikisiwi. Fanya kwanza jaribio dogo la majike wachache, kwa sababu dozi ya juu iliyokosewa huweza kupoteza wanyama mia moja bure.

Kemikali huyeyushwa au kuchanganywa kwenye kibebeo, mara nyingi maji au mafuta ya mahindi. Kwa mafuta ya mahindi usizidishe mililita 0.4 kwa kila gramu 100 za uzito. Tuchukue mfano: dozi ni miligramu 200 kwa kilo, na ujazo ni mililita 4 kwa kilo. Mchanganyiko basi uwe na miligramu 50 katika kila mililita. Panya wa gramu 260 atapewa mililita 1.04, ambayo ina miligramu 52. Kila anapopimwa uzito upya, hesabu hii nayo hufanywa upya, maana mama mwenye mimba huongezeka haraka.

Hapa pana mahali ambapo majaribio mengi hufa kimyakimya. Kemikali isiyoyeyuka hutuama. Chupa ikikaa mezani nusu saa bila kukorogwa, mnyama wa kwanza hupata dozi ndogo na wa mwisho hupata mara kadhaa ya iliyokusudiwa, na daftari litaonyesha wote wamepata sawa. Weka kikorogeo cha sumaku chini ya chupa muda wote wa kunywesha, na upeleke sampuli kutoka juu, katikati na chini ya chupa zikapimwe. Ripoti isiyo na vipimo hivyo haistahili kuaminiwa, hata iwe imepigwa chapa vizuri namna gani.

Kunywesha hufanywa kwa mrija laini unaopita mdomoni hadi tumboni. Mshike panya wima, kichwa na shingo vinyooke, mrija upite kando ya ulimi bila kusukumwa kwa nguvu. Akianza kuhema au povu likitoka puani, mrija umeingia njia ya hewa, utoe. Panya aliyekufa kwa kosa la mkono wa mtu asiandikwe kuwa amekufa kwa kemikali, na ndiyo sababu kila anayekufa lazima apasuliwe siku hiyohiyo.

Kunywesha huanza siku ambayo kiinitete kinajipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba, yaani siku ya 5 au 6, na kuendelea kila siku hadi siku moja kabla ya upasuaji. Zamani walikuwa wakikoma siku ya 15, kwa hoja kwamba viungo vimekwisha kuumbika. Hoja hiyo ilikuwa na tundu kubwa. Kaakaa la panya hufunga baada ya siku hiyo, na kipindi ambacho homoni za kiume huamua maumbile ya kijusi cha kiume huanza karibu na siku ya 15 na kuishia karibu na ya 18. Kemikali za kulainisha plastiki za jamii ya fthaleti, kama DBP na DEHP, hudhuru hasa katika dirisha hilo. Mwongozo namba 414 uliporekebishwa mwaka 2001, muda wa kunywesha ulirefushwa. Ukikutana na ripoti ya zamani, angalia kwanza walikoma siku gani.

Kumfuatilia mama

Mwangalie kila mama angalau mara moja kwa siku, saa ileile, na upime uzito wake siku ya 0, siku ya kwanza ya dozi, kisha angalau kila baada ya siku tatu, na siku ya mwisho. Chakula anachokula kipimwe siku hizohizo. Damu ukeni, manyoya yaliyosimama, mgongo ulioinama, yote yaandikwe kwa namba ya mnyama. Sungura anahitaji jicho la ziada: akiacha kula kwa siku mbili tatu anaweza kuharibu mimba kwa sababu ya njaa tu.

Siku ya upasuaji

Panya hupasuliwa siku ya 20 au 21, muda mfupi kabla ya kuzaa, ili mama asiwahi kuwala watoto wenye kasoro. Sungura hupasuliwa siku ya 29. Mama huuawa kwa njia isiyo na maumivu, na anayefanya uchunguzi unaofuata asijue mnyama ametoka kundi gani.

Toa mji wa mimba wote pamoja na shingo yake, uupime uzito. Usiruke hatua hii. Tuseme mama wa kundi la ulinganisho alikuwa gramu 260 siku ya 6 na gramu 400 siku ya 20, na mji wake wa mimba una gramu 80. Ukiondoa mji wa mimba, yeye mwenyewe ameongezeka gramu 60. Mama wa dozi ya juu naye alianza na gramu 260, akafikia gramu 360 tu, na mji wake wa mimba una gramu 40. Ukiangalia uzito wa jumla utasema kemikali imemdhoofisha mama, na kwamba vijusi vimeumia kwa sababu mama anaumwa. Fanya hesabu: 360 toa 40 toa 260 ni 60. Mama huyu hajapungukiwa na kitu. Kilichopungua ni watoto. Kemikali imewafuata vijusi moja kwa moja, na hiyo ni habari nzito kuliko ile ya kwanza.

Kisha geukia ovari. Kila mahali yai lilipotoka hubaki kinundu cha manjano, na kwa jicho lililozoea vinahesabika chini ya kioo cha kukuzia. Tuseme ni 14. Fungua pembe mbili za mji wa mimba na uhesabu mahali palipopachikwa: 13. Vijusi hai ni 11. Waliopotea kabla ya kujipachika ni mmoja kati ya 14, yaani asilimia 7.1, waliopotea baada ya hapo ni wawili kati ya 13, yaani asilimia 15.4. Hasara ya kwanza haiwezi kulaumiwa kemikali ikiwa dozi ilianza baada ya kujipachika. Hasara ya pili ndiyo unayoitafuta. Tofautisha pia waliofyonzwa mapema, ambao wamebaki doa jeusi lisilo na umbo, na waliofia baadaye ambao viungo vyao vinatambulika. Mji wa mimba unaoonekana mtupu usitupwe: utie kwenye salfaidi ya amonia, na mahali palipowahi kupachikwa patajitokeza kama madoa meusi. Bila hivyo, mama aliyepoteza mimba yote mapema ataandikwa kuwa hakushika mimba kabisa, na dozi mbaya kuliko zote itaonekana safi.

Vijusi vipewe namba kwa mpangilio mmoja usiobadilika, kuanzia upande wa ovari ya kushoto kushuka hadi kwenye shingo, kisha pembe ya kulia. Namba ya mama iandamane na kila kijusi hadi mwisho. Katika maabara moja niliyofanyia kazi, trei mbili za vijusi zilichanganyika wakati wa kusafisha, na mizao miwili, yaani vijusi vyote vya mama wawili, ikabidi iondolewe kwenye uchambuzi. Mama wawili na vijusi ishirini na vitatu walikufa bila kutuambia kitu. Tangu siku hiyo sikubali trei isiyo na kibandiko hata kwa dakika moja.

Kuchunguza kijusi

Kila kijusi hai hupimwa uzito, hutambuliwa jinsia, na hutazamwa nje: uso, mdomo na kaakaa, macho, uti wa mgongo, vidole, mkia, tundu la haja. Kwa panya, tangu marekebisho ya mwaka 2018, hupimwa pia umbali kati ya mkundu na kiungo cha uzazi. Umbali huo kwa kawaida ni mrefu zaidi kwa dume, na ukifupika kwa vijusi vya kiume ni dalili kwamba homoni za kiume zimezuiwa. Kwa kuwa kijusi kidogo kina kila kitu kidogo, umbali huo hugawanywa kwa kipeuo cha tatu cha uzito wa kijusi kabla ya kulinganishwa. Marekebisho hayohayo yaliongeza vipimo vya homoni za dundumio, tezi ya shingoni, kwenye damu ya mama na uchunguzi wa tezi yenyewe, jambo ambalo lilichelewa mno, maana ubongo wa kijusi hutegemea homoni hizo.

Baada ya hapo nusu ya vijusi vya kila mama huenda kwenye uchunguzi wa viungo laini, yaani moyo, mishipa mikubwa, figo, ubongo, na nusu nyingine kwenye mifupa. Kwa sungura, vijusi vyote huchunguzwa kwa njia zote mbili.

Uchunguzi wa mifupa una uzuri wake. Kijusi huondolewa ngozi na matumbo, hulowekwa kwenye haidroksidi ya potasiamu hadi nyama inapokuwa kama kioo, na kutiwa rangi ya alizarini inayoshika mfupa kwa wekundu. Siku hizi huongezwa rangi ya buluu inayoshika gegedu. Mwisho huwekwa kwenye gliserini. Ukikiinua kwenye mwanga unaona mifupa myekundu inaelea ndani ya mwili usioonekana, jozi 13 za mbavu, vipande sita vya mfupa wa kifua, pingili moja baada ya nyingine. Hapo ndipo subira inapohitajika, kwa sababu unatazama zaidi ya skeletoni mia tano, na ya mia tano inastahili macho yaleyale uliyoitazama nayo ya kwanza.

Tenganisha kasoro kubwa na tofauti ndogo. Kaakaa lililopasuka, uti wa mgongo ulio wazi, kiungo kilichokosekana: hizo ni kasoro. Ubavu mdogo wa 14, ubavu uliojikunja kama wimbi, kipande cha kifua ambacho hakijakomaa kuwa mfupa: hizo ni tofauti zinazoonekana hata kwenye kundi la ulinganisho, na nyingi hujirekebisha baada ya kuzaliwa. Hata hivyo zisipuuzwe. Zikiongezeka dozi inapoongezeka, pamoja na uzito wa kijusi kupungua, zinasema kwamba ukuaji umecheleweshwa.

Hesabu

Sasa turudi kwenye jambo nililolitaja mwanzoni. Tuseme kundi lina mama 22 wenye vijusi 264, na vijusi 8 vina kaakaa lililopasuka. Asilimia 3 tu, atasema mtu. Lakini vijusi hivyo vinane vimetoka wapi? Vikiwa vyote vya mama mmoja, inawezekana mama huyo alikuwa na ila yake ya urithi au alipata ugonjwa. Vikiwa vimetoka kwa mama wanane tofauti, basi zaidi ya theluthi moja ya mama wameguswa, na sijui mtaalamu atakayelala usingizi. Idadi ya vijusi ni ileile, maana yake ni mbili tofauti. Vijusi vya mama mmoja wamekula damu moja na kubeba urithi wa wazazi walewale, kwa hiyo si mashahidi wanaojitegemea. Kanuni ni kwamba kipimo cha takwimu kifanywe kwa mzao: chukua wastani au asilimia ya kila mama, kisha linganisha mama na mama. Ripoti inayotumia vijusi 264 kana kwamba ni wanyama 264 irudishwe kwa mwandishi wake.

Linganisha pia na kumbukumbu za maabara yenyewe kwa panya wa ukoo uleule katika miaka ya karibuni, lakini kumbukumbu hizo zisitumiwe kufuta matokeo. Kundi la ulinganisho la jaribio lenyewe ndilo mwamuzi wa kwanza.

Kutoka matokeo hadi lebo

Swali gumu kuliko yote ni la mama mgonjwa. Kijusi kikidhurika kwenye dozi ambayo mama naye amedhoofika, watu hukimbilia kusema kwamba kemikali haina kosa, ni mama tu alikuwa hoi. Mimi nasema jambo hilo lithibitishwe, lisidhaniwe. Kupungua kidogo kwa uzito wa mama huweza kueleza vijusi vyepesi na mifupa iliyochelewa. Hakuwezi kwa urahisi kueleza kaakaa lililopasuka au moyo ulioumbika vibaya. Angalia mama mmoja mmoja: je, wenye vijusi vilivyoharibika ndio hao waliougua, au waliougua ni wengine?

Kwa mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, daraja la 1A hutegemea ushahidi wa binadamu, 1B hutegemea hasa ushahidi wazi wa wanyama, na la 2, lenye namba H361, ni la kushukiwa. Kemikali inayomdhuru mtoto kupitia maziwa ya mama ina namba yake, H362.

Dozi ya juu kabisa isiyoonyesha madhara hutumika kukadiria kiwango salama kwa watu, kwa desturi kwa kuigawa kwa 10 kwa sababu mtu si panya, na kwa 10 tena kwa sababu watu hawafanani. Miligramu 50 kwa kilo hushuka hadi 0.5, na kwa mfanyakazi wa kilo 60 hiyo ni miligramu 30 kwa siku. Kumbuka kwamba panya alinyweshwa, ilhali mfanyakazi huvuta mvuke na kulowana mikono; njia ya kuingia mwilini izingatiwe kabla ya kuandika kikomo chochote ukutani.

Neno kuhusu madume

Wale wanaofanya jaribio namba 421 wasome korodani kwa makini kuliko wanavyosoma hesabu ya mimba. Dume wa panya hutengeneza mbegu nyingi kupita mahitaji yake, na anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mbegu hizo bado akapachika mimba kama kawaida. Binadamu hana akiba kama hiyo. Mbegu ya panya huchukua karibu majuma saba na nusu kukomaa ndani ya korodani, kisha siku nyingine kwenye epididimisi, mrija ulio nyuma ya korodani, na dozi ya majuma manne haiwezi kufuata safari yote. Uharibifu wa mapema utaonekana kwenye vipande vyembamba vya korodani chini ya hadubini, hatua kwa hatua ya ukuaji wa mbegu, wakati idadi ya watoto bado haijabadilika. Tumia mchanganyiko wa Bouin au mwingine unaofaa kuhifadhi korodani. Fomalini ya kawaida huzikunja tishu, na msomaji wa hadubini hubaki akikisia.

Ripoti

Jedwali la wastani wa makundi halitoshi. Weka kiambatisho chenye mstari wa kila mama: namba yake, uzito wake siku kwa siku, chakula chake, vinundu vya ovari, waliojipachika, waliofyonzwa, walio hai, jinsia na uzito wa kila kijusi, na kila kasoro kwa jina lake na namba ya kijusi chenye kasoro hiyo. Taja kosa lolote lililofanyika, hata lile la chupa iliyotuama au trei iliyochanganyika. Skeletoni zilizoko kwenye gliserini, vipande vya korodani, daftari za mkono na sampuli ya kemikali yenyewe vihifadhiwe kwenye ghala la kumbukumbu lenye kufuli na orodha, kwa sababu mtaalamu mwingine, pengine miaka kumi baadaye, ataomba chupa ya kijusi namba 7 cha mama namba 63, naye anastahili kukikuta mahali pake.